Lamu kwa mwanafunzi wa sanaa: pa kulipa na pa kukaa

Kama mfuko umekauka na una hela ya kiingilio kimoja tu mjini Lamu, ipeleke kwenye ile nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyogeuzwa makumbusho, huko vichochoroni, kabla ya kukimbilia Makumbusho ya Lamu pale mbele ya bahari. Najua wengi watanipinga. Makumbusho makubwa ndiyo yenye siwa mbili, yaani baragumu kubwa za sherehe, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya ndovu ya Pate, na hiyo ya Pate, yenye urefu unaopita mita 2, ni kazi ya kumfanya mchongaji aone aibu kushika patasi. Lakini siwa utaitazama, utaizunguka, umemaliza. Nyumba unaingia ndani yake.

Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, maana dari imebebwa na boriti za mikoko: boriti ikiishia hapo, chumba nacho kimeishia hapo. Mwangaza unatoka kiwandani, yaani uani, peke yake, unapita msana wa tini (ukumbi wa kwanza), unapita msana wa yuu (ukumbi wa pili), ukifika ndani umeshachoka. Na huko ndani kwenye giza ndiko kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, safu kwa safu, zimechongwa kwa chokaa. Ukizimulika kwa mbele huoni kitu, ukuta mweupe tu. Nililaza tochi ya simu ubavuni mwa ukuta na kila ua likajitokeza na kivuli chake. Mchongo wenyewe hauna kina hata cha kucha. Miaka yote darasani tumefundishwa kivuli kwa mpira na chupa juu ya meza, kumbe somo liko hapa. Mhudumu aliniona nimekaa sakafuni na daftari la michoro, akaniacha, wala hakuniharakisha.

Sasa maduka ya sanaa ya barabara ya ndani. Yako mazuri, na mengine yamepangwa kwa jicho la mtu anayejua. Kero yangu ni moja: katika duka moja niliuliza kila kipande kimechongwa na nani, jibu likawa “mafundi wetu.” Mafundi gani? Wako wapi? Kimya. Kwa mtalii huenda inatosha. Kwa mwanafunzi ni sawa na kusoma kitabu kilichong'olewa jalada. Halafu nikatoa penseli nichore kisanduku kimoja, nikaambiwa hairuhusiwi. Kisanduku cha namna hiyo hiyo nilikikuta baadaye kwa fundi kwa karibu nusu ya bei.

Kwa hivyo dawa ni kwenda kwa mafundi wenyewe, na uende bila mtu wa kukupeleka. Kijana mmoja wa gatini alijitolea kunionyesha karakana, “bure kabisa, dada,” na kila mlango tuliofika mwenye duka alimtazama yeye kwanza ndipo akataja bei. Nilimshukuru, nikamlipa soda, tukaachana kwa wema. Karakana hazihitaji ramani. Fuata mlio wa nyundo.

Mzee niliyekaa naye alikuwa na kizingiti cha juu cha mlango, ubao wa mbambakofi umelazwa juu ya magogo mawili. Nilimwamkia, nikaomba kupiga picha. “Tumia mato kwanza, mwanangu,” yaani macho, akaniambia, akaendelea. Mchoro alishauchora kwa bikari na penseli. Akapita na patasi iliyosimama wima kukata mpaka wa kila jani, kisha akachukua nyingine nyembamba kama ukucha wa kidole cha mwisho, akawa anachimba chini ili jani libaki juu. Kilichonishika ni miguu yake. Ubao ni mzito, haugeuzwi. Yeye ndiye anayegeuka, analizunguka jani kwa kufuata nyuzi za mti, na kubadilisha patasi bila hata kuzitazama. Akaniambia pia kwamba mbambakofi siku hizi ni adimu, na bei yake haishikiki. Nilinunua kipande kidogo cha mazoezi alichokuwa amekitupa kando, akaniongezea cha pili.

Hapo ndipo nilipomwelewa vizuri Muhamadi Kijumwa, yule bingwa wa Lamu aliyefariki 1940 na ushei: aliandika hati, alitunga mashairi, na milango alichonga pia. Sisi chuoni tumegawanywa idara idara, wa rangi huku, wa mbao kule, na kila mmoja anamdharau mwenziwe.

Uchoraji wa rangi utaupata zaidi kijiji cha Shela, mwendo mfupi kwa boti au kwa miguu ukifuata ufuo maji yakiwa yametoka. Huko ndiko Herbert Menzer, Mjerumani, alikoanzisha tamasha la wachoraji, na wageni hutoka nje na easeli zao, vile vibao vya kusimamishia picha, kuchora watu na majahazi papo hapo. Sitaficha: mandhari nyingi nilizoziona zimerudia punda na tanga hadi zikachosha. Afadhali Ali Lamu anayechora juu ya matanga makuukuu yenyewe, na viraka vyake na mishono yake ya baharini. Kile kitambaa kimeshafanya nusu ya kazi kabla ya rangi kufika.

Ngome, iliyokuwa gereza mpaka 1984, pita uangalie kuta na upande juu. Kisanaa haikunipa mengi.

Ukienda, epuka Ijumaa kwa karakana, mafundi wengi hufunga mapema kwa ajili ya sala. Wakati wa Maulidi mji hufurika na vyumba hupanda bei, ingawa kwa mwenye kuchora watu hakuna msimu bora kuliko huo. Vaa kwa heshima, omba ruhusa kabla ya kumchora mtu, hasa kina mama. Na beba karatasi za kutosha kutoka kwenu, maana nilizunguka mji mzima nikitafuta karatasi nzito ya rangi ya maji, nikaishia kununua daftari la shule la mistari.