Nyundo baada ya pensheni: tathmini ya kujitolea kwenye saiti za Habitat for Humanity, Marekani

Kwa Mkristo aliyestaafu Marekani, anayetaka kazi ya mikono yenye maana na watu wa kuifanya nao, Habitat for Humanity, shirika linalojenga nyumba pamoja na familia zenye kipato kidogo, ni mahali pazuri sana. Sharti ni moja: ingia kwenye kikosi cha kila wiki. Ukienda siku moja tu, pamoja na kundi la ofisi fulani, utakuta watu ishirini wanagombea makopo manne ya rangi, utapiga picha, na utarudi nyumbani ukijiuliza kama kweli ulihitajika. Matawi mengi ya shirika hili yana kikosi cha siku za katikati ya wiki, na wengi wao ni wastaafu. Wanafahamiana, kila mmoja anajua mwenzake anaweza nini, na usipotokea Jumanne mtu atakupigia simu. Mstaafu anachokikosa zaidi, mara nyingi, ni hiyo simu.

Shirika lilianzishwa mwaka 1976 na Millard Fuller na mkewe Linda, kutokana na mawazo yaliyoiva kwenye shamba la jumuiya ya Kikristo la Koinonia, karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia. Kabla ya hapo walikuwa wameacha utajiri wao na kujenga nyumba Mbandaka, Zaire ya wakati ule. Mpango wenyewe ni rahisi kueleza. Familia haipewi nyumba bure: inalipa mkopo wenye masharti nafuu na inatoa saa zake za jasho kwenye ujenzi. Kwa hiyo anayekushikia ngazi asubuhi hiyo huenda ndiye atakayelala kwenye chumba mnachokijenga. Kwa mtu aliyefanya kazi miaka thelathini bila kumwona aliyefaidika nayo, hilo linagusa.

Mstaafu aliyeifanya kazi hii ijulikane duniani ni Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani. Aliondoka Ikulu Januari 1981, na mwaka 1984 yeye na mkewe Rosalynn walikwenda New York kukarabati jengo pamoja na wajitoleaji wengine. Waliendelea kwa zaidi ya miaka thelathini, wakishiriki kwenye nyumba zaidi ya 4,000 katika nchi 14. Oktoba 2019, akiwa na miaka 95, alianguka nyumbani akashonwa nyuzi 14 juu ya jicho, na bado akafika saiti ya Nashville. Mheshimu kwa moyo huo, ila usimwige kwenye hilo la kupanda gari na jeraha bichi.

Sasa kazi yenyewe. Kuinua ukuta wa mbao ndiyo saa inayoonyesha kama mko kikosi au kundi tu la watu. Ukuta huundwa ukiwa umelala sakafuni. Nguzo hupangwa kila inchi 16, katikati hadi katikati, kwa sababu bao la kufunika lina upana wa futi 4, yaani inchi 48, na ukingo wake lazima uangukie katikati ya nguzo. Hapo ndipo wageni wanapokosea: alama ya kwanza, ya ukingo wa nguzo na si ya katikati yake, hupigwa inchi 15 na robo kutoka mwisho wa ukuta, kisha kila inchi 16 kuanzia hapo. Anayeanza na 16 kamili anasogeza nguzo zote robo tatu ya inchi, na bao linapoletwa, ukingo wake unakosa pa kupigiliwa msumari. Kosa la nusu dakika, marekebisho ya asubuhi nzima.

Kabla ya kuinua, vibao vya kuzuia ukuta usiteleze hupigiliwa kwenye ukingo wa sakafu, na mihimili ya kuegemeza huwekwa tayari pamoja na misumari yake. Watu hujipanga bega kwa bega, mikono chini ya ubao wa juu, na anayehesabu ni mmoja tu. Aliyezoea kuwa bosi akitoa amri ya pili katikati ya hesabu, upande mmoja unanyanyuka mapema na uzito wote unahamia kwenye migongo ya upande wa pili. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya kikosi cha wastaafu, kuliko uzee wenyewe: kila mtu alikuwa mkubwa mahali fulani. Kiongozi wa saiti anaweza kuwa kijana wa miaka 26, na yeye ndiye anayejua mkaguzi atatafuta nini.

Nehemia sura ya 3 inafaa kusomwa kwenye ibada fupi ya asubuhi, na si kwa kupamba tu. Wanaojenga ukuta wa Yerusalemu ni mfua dhahabu, mtengeneza marhamu, Shalumu pamoja na binti zake, watu wasio mafundi wa mawe hata kidogo. Wakuu wa Watekoa peke yao ndio walioandikwa kwamba hawakuinamisha shingo kwenye kazi. Na kuhusu kustaafu, soma Hesabu 8: Mlawi akifika miaka hamsini anaacha utumishi mzito, lakini anaendelea kuwasaidia ndugu zake. Hakuondolewa kambini. Alibadilishiwa kazi.

Kubadilishiwa kazi ndiko kunakohitaji ukweli. Kama unatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, au una kizunguzungu, mwambie kiongozi siku ya kwanza na usikaribie paa. Sema pia mapema kuhusu goti au bega, kabla hujapangiwa. Nyundo ya wakia 16, karibu gramu 450, inatosha kabisa. Zile nzito zinamaliza kiwiko kabla ya mchana. Ishike mwishoni mwa mpini. Vaa viatu vigumu vilivyofungwa, miwani ya kinga na vizuia sauti, na hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati. Asiyeweza kupanda ana kazi nyingi chini: kupima na kuweka alama kwenye meza ya kukatia, kutunza stoo ya vifaa, au kuhudumu kwenye duka la ReStore, linalouza vifaa vya ujenzi na fanicha zilizotolewa msaada.

Kazi moja inawafaa sana wazee wenye subira: kufunika kuta za nje kwa vipande vya plastiki ngumu, vinyl. Msumari huingia katikati ya tundu refu na huachwa na nafasi ndogo chini ya kichwa chake, na mwisho wa kila kipande huachwa kama milimita 6. Fundi wa zamani anapenda kukaza, akiamini anaongeza uimara. Jua likipiga, plastiki inatanuka, inakosa pa kwenda, na ukuta unajaa mawimbi.

Upande wa imani, ujue unachoingia. Hili ni shirika la Kikristo, na saiti nyingi huanza kwa sala au neno fupi, lakini linakataza kumshurutisha mtu dini, na familia huchaguliwa bila kujali wanaabudu wapi. Anayetaka mahubiri au mafunzo ya kina ya Biblia atayapata kanisani kwake. Hilo halipunguzi kitu. Utumishi usiodai malipo ya kusikilizwa ni ushuhuda safi. Udhaifu ni kwamba ibada inategemea sana anayeiongoza, na huweza kuwa sentensi mbili za haraka kabla ya maelekezo ya usalama.

Wenye gari la kuishi wanaweza kujaribu RV Care-A-Vanners, mpango wa Habitat ambako timu hukutana kwenye saiti moja kwa takriban wiki mbili kisha huachana. Undugu unakuja haraka, maana mnalala jirani na mnapika pamoja. Lakini kwa aliyestaafu karibuni na bado anatafuta mpangilio wa wiki zake, kikosi cha nyumbani kinatangulia.

Ukipiga simu kwenye tawi lako, uliza mambo matatu: kikosi cha kudumu hukutana siku gani, nani anamfundisha mgeni, na ujenzi ukisimama kwa mvua au ukaguzi watu hufanya nini. Wakijibu la tatu bila kusita, jiandikishe kwa wiki sita za kwanza.