Kiwix: Wikipedia bila bando, ukijua faili la kupakua

Kwa shule yenye chumba cha kompyuta lakini haina intaneti, na kwa mtu anayehesabu kila MB ya bando lake, sijaona programu huria inayoizidi Kiwix. Kazi yake ni moja: kufungua tovuti nzima iliyofungwa ndani ya faili moja, uisome bila mtandao wowote. Ilianzishwa mwaka 2007 na Emmanuel Engelhart na Renaud Gaudin, na shirika linaloiendesha liko Uswisi. Leseni yake ni GPL toleo la 3, leseni ya programu huria. Haina matangazo, haiombi akaunti, na ipo kwa Windows, Linux, macOS, Android na iPhone.

Programu yenyewe ni nyepesi. Mzigo uko kwenye mafaili yake, yale yenye kiambishi .zim, na karibu kila malalamiko yanayosikika kuhusu Kiwix yanaanzia hapo: faili lisilofaa, au flashi mbovu.

Anza kwa kusoma jina la faili. Katika wikipedia_en_all_maxi, "en" ni Kiingereza, "all" ni makala zote, na "maxi" maana yake makala kamili pamoja na picha. Mwishoni huja mwaka na mwezi lilipotengenezwa. Kuna "nopic", yenye maandishi yote bila picha, na kuna "mini", inayobakiza utangulizi wa kila makala na jedwali lake la pembeni tu. Wikipedia ya Kiingereza ya maxi imevuka GB 100; nopic ni kama nusu yake; mini ni GB kumi na kitu. Wengi hukimbilia lile kubwa kwa sababu ni bure. Kwa shule ya sekondari huo ni uamuzi mbaya. Chukua mafaili ya mada: fizikia, kemia, hisabati, tiba, kila moja kwa maxi. Ni madogo zaidi kwa mbali, na picha zimo. Makala ya moyo isiyo na mchoro wa vyumba vyake humwacha mwanafunzi gizani. Ongeza majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo mwanafunzi anayachezea ndani ya kivinjari: saketi, pendulo, msongamano. Kwa shule isiyo na maabara ya fizikia, hilo peke yake linatosha kuhalalisha kazi yote.

Kabla ya kunakili chochote, angalia flashi. Flashi nyingi na memori kadi nyingi hutoka dukani zikiwa na mfumo wa kupanga mafaili uitwao FAT32, na FAT32 haibebi faili moja linalofika GB 4, hata kama flashi ina GB 64 tupu. Windows itasema faili ni kubwa mno, na mtu ataondoka akiamini flashi imeharibika. Iformati upya kwa mfumo mwingine, exFAT, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika. Ikiwa kifaa chako hakikubali exFAT, faili la ZIM linaweza kukatwa vipande vyenye viambishi .zimaa, .zimab na kuendelea. Viweke vyote folda moja, kisha fungua kile cha kwanza tu.

Tatizo la pili ni flashi feki. Madukani na mitandaoni zimejaa flashi zinazojitambulisha kuwa za GB 128 au hata TB 2 huku chipu ndani ni ya GB 8. Unanakili hadi mwisho bila onyo lolote, kisha Kiwix inafungua makala za mwanzo vizuri na kukwama kwenye nyingine, kwa sababu data iliyozidi uwezo halisi haikuandikwa popote. Dawa yake nayo ni programu huria: F3. Kwenye Linux, endesha f3write ukiitajia njia ya flashi, kisha f3read kwa njia ileile. Itaijaza flashi yote na kuisoma tena, halafu ikuambie nafasi ngapi ni ya kweli. Kwa flashi kubwa na ya polepole hilo huchukua saa kadhaa. Fanya hivyo kabla duka halijakataa kukurudishia pesa.

Kunakili nako kunahitaji subira: flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde itatumia karibu saa tatu kwa GB 100. Na usipakue faili kubwa kwa kivinjari. Tumia torenti inayotolewa na Kiwix wenyewe, au amri ya wget -c, ambayo huendelea pale ilipoishia mtandao ukikatika. Ukimaliza, linganisha alama ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe) na ile iliyoandikwa kwenye tovuti yao. Kwenye Windows amri ni certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Herufi moja ikitofautiana, faili halijafika salama.

Kwenye Windows huhitaji kusakinisha. Unapakua faili la zip, unalifungua, unabofya kiwix-desktop.exe. Makosa mawili hujirudia hapa. La kwanza ni kuibofya ikiwa bado ndani ya zip, nayo haiwaki. La pili ni kompyuta kulalamika kwamba VCRUNTIME140.dll haipo, sakinisha kifurushi cha Visual C++ cha Microsoft na litakwisha. Jihadhari pia na Kiwix kuukuu linalozunguka kwenye flashi za watu: mafaili ya ZIM ya siku hizi hubanwa kwa mbinu ya Zstandard, na matoleo ya zamani hayajui kuyafungua. Ukiambiwa faili ni bovu huku alama ya SHA-256 imelingana, shuku toleo la programu kwanza.

Kwa Android nina lawama moja. Kiwix ya Play Store imebanwa na masharti ya Google kuhusu hifadhi, hivyo haioni mafaili ya ZIM uliyoyanakili popote kwenye memori kadi. Mtu anaiweka, haoni faili lake, anaifuta. Pakua APK, yaani faili la kusakinisha, kutoka tovuti ya Kiwix yenyewe. Hiyo ina uwezo kamili. Ndani yake mna vitu vizuri: alamisho, kusomewa makala kwa sauti, na kurushiana mafaili simu kwa simu.

Ila kilicho bora kuliko vyote ni kugawa. Simu ya mwalimu inaweza kugeuzwa kuwa seva kutoka kwenye menyu: unawasha hotspoti, unachagua mafaili, programu inakupa anwani, wanafunzi wanaiandika kwenye kivinjari. Hawahitaji kuwa na Kiwix. Kwa chumba cha kompyuta, weka kiwix-serve, programu ya Kiwix ya kugawa mafaili kwa mtandao wa ndani, kwenye mashine moja, hata laptopu ya zamani yenye Linux, kwa amri hizi:

kiwix-manage maktaba.xml add fizikia.zim
kiwix-serve --port=8080 --library maktaba.xml

Amri ya kwanza huongeza faili kwenye orodha, maktaba.xml; unairudia kwa kila faili. Kisha kompyuta nyingine zinafungua http:// ikifuatwa na anwani ya mashine hiyo na :8080. Andika http:// yote, maana vivinjari vya sasa hupenda kujiongezea https na ukurasa hautafunguka. Simu nazo zikigundua kwamba Wi-Fi haina intaneti hurudi kwenye data kimyakimya. Waambie wanafunzi wazime data kwanza. Ukitumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, iunganishe kwa waya kwenye ruta na ruta ndiyo itoe Wi-Fi, kwa sababu redio ya Pi huelemewa darasa zima likiingia kwa pamoja. Pi 4 inataka umeme wa volti 5.1 na ampea 3; chaja ya simu ya kawaida huifanya izimike na kuwaka, na kadi huharibika kwa mtindo huo.

Kiswahili je? Wikipedia ya Kiswahili ipo kwenye katalogi, ni ndogo, na inaenea kwenye simu ya kawaida. Iweke. Lakini makala nyingi bado ni mbegu, aya moja au mbili, na utafutaji wake ni mgumu kuliko unavyotarajia. Injini ya utafutaji ya Xapian inayotumiwa na Kiwix haina kanuni za kukata viambishi vya Kiswahili, hivyo inatafuta neno kama lilivyoandikwa. Ukiandika "mwalimu" hupati makala zenye "walimu" peke yake. Wafundishe wanafunzi kujaribu umoja na wingi, na kutafuta nomino badala ya kitenzi kilichonyambuliwa. Hili linaumiza hasa kwa sababu wanaohitaji Kiswahili ndio mara nyingi wasio na intaneti ya kutafuta kwingine.

Kasoro nyingine kubwa ni kusasisha. Hupati mabadiliko pekee. Unapakua faili lote upya. Kwa mafaili ya mada, mara moja kwa mwaka inatosha. Lipakue jipya bila kugusa la zamani, hakiki SHA-256, liongeze kwenye maktaba.xml, fungua makala kadhaa za katikati na za mwisho, ndipo ulifute la zamani.