Posamu wa asali na kutu ya mihadasi

Posamu wa asali na kutu ya mihadasi, kuvu inayoshambulia mimea, wote wawili huishi kwa mimea hai Australia. Posamu, mnyama wa kusini-magharibi anayebeba watoto mfukoni kama kangaruu, ana uzito wa takriban gramu 10 tu. Ulimi wake wenye ncha kama brashi hulamba nekta na chavua, na akihama ua hadi ua huchavusha. Analipa anachokula.

Kutu hailipi. Kuvu hii, iliyoelezwa Brazili mwaka 1884 kwenye mpera, ilionekana Australia mwaka 2010. Hupenya machipukizi ya jamii ya mihadasi, kama mikaratusi, mipera na mikarafuu, hunyonya seli, kisha hutoa unga wa njano unaopeperushwa na upepo. Mimi namtetea posamu: maua yakipungua, hana chakula kingine.