Diski za sinema za kale za anga: geuza kasha kabla ya kulipa

Mwezi uliopita nilinunua dividii ya 2001: A Space Odyssey, kazi ya Stanley Kubrick ya 1968. Nilikuwa naisubiri sehemu moja tu. Wanaanga wawili wanajifungia ndani ya chombo kidogo ili kompyuta HAL isiwasikie. Mmoja yuko kushoto, mwenzake kulia, na katikati yao, nje ya dirisha, jicho jekundu la HAL linasoma midomo yao. Picha kwenye diski yangu ilikuwa imekatwa kando zote mbili ili ijaze runinga za zamani. Uso mmoja ukiingia, mwingine unatoka. Tukio lile linatisha kwa sababu unawaona watatu kwa pamoja, na mimi nilinyimwa hilo.

Besi ya sauti na mahojiano ya ziada nawaachia wengine. Nyuma ya kasha tafuta uwiano wa picha, yaani upana wake kwa kimo chake. Filamu ya 2001 ni 2.20:1. Ukikuta 1.33:1, umbo la runinga za zamani, karibu asilimia 40 ya upana imetupwa. Forbidden Planet ya 1956, iliyopigwa kwa 2.55:1, hapo inabaki nusu na kidogo.

Namba moja kwangu ni Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za kale kwenye diski, na sifichi mapenzi yangu: uwiano wanauandika waziwazi. Anza na Gojira ya Ishirō Honda (1954), ile ya zimwi Godzilla. Hii ilipigwa karibu mraba, kwa hiyo ubovu wake ni wa upande mwingine: wauzaji huikata juu na chini ili ienee kwenye runinga pana, na zimwi linapoteza kichwa. Tazama na dakika. Ya Kijapani ni 96. Ukiona 80, umeshika ile ya Marekani ya 1956, iliyopachikwa mwigizaji Raymond Burr. Criterion wanakupa zote mbili. Kisha chukua Solaris ya Andrei Tarkovsky (1972). Ila diski zao za bluurei za Marekani zimefungwa kwa deki za eneo A, na deki za kwetu ni eneo B, kwa hiyo ulizia kwanza kama lipo toleo la Uingereza.

Namba mbili ni 2001 ya 4K, yaani diski ya picha kali kuliko bluurei, toleo la 2018 la studio ya Warner. Diski za 4K hazina kufuli ya eneo, lakini zinataka deki yake.

Zile za bei poa, filamu kumi kwenye diski moja, ziache.

Kinachoniuma zaidi ni muuzaji. Niliporudisha diski akaniambia, "Dada, si picha imejaa skrini? Unalalamika nini?" Kwake mistari myeusi juu na chini, inayobaki picha pana ikiwekwa nzima, ndiyo ubovu, na diski iliyokatwa aliniuzia kwa bei ya nzima. Pesa hakurudisha. Sasa siagizi kabla ya kutumiwa picha ya nyuma ya kasha, ionekane namba. Wiki hii wauzaji wawili wamekataa kunitumia.