Seti ya Vifaa vya Kuanzia kwa Mfugaji wa Mwewe wa Harris: Glavu Nzuri, Mizani Isiyofaa

Seti ninayoitathmini hapa inauzwa mtandaoni nchini Uingereza kwa bei isiyofika pauni 150, na tangazo lake linamwahidi anayeanza kwamba katika boksi moja atapata kila anachohitaji ili kumfundisha mwewe na kumrusha. Ndani mna glavu ya mkono wa kushoto, vikuku vya ngozi na vigwe vyake, kiungo cha chuma kinachozunguka, kamba ya kumfungia ndege, kamba ndefu ya mazoezi, jozi ya njuga, filimbi, mkoba wa nyama, na mizani ya kidijitali yenye kijiti cha ndege kutua. Nimeitumia kwa mwewe jike wa Harris tangu alipoanza kufundishwa mwishoni mwa kiangazi hadi msimu wa kuwinda ulipokwisha, na hukumu yangu ni kwamba fedha zimewekwa mahali pasipostahili: zimekwenda kwenye vitu vinavyopendeza pichani, zikakosekana kwenye vile vinavyolinda uhai wa ndege. Sitalitaja duka, kwa kuwa seti za aina hii zinauzwa na wengi.

Kwa msomaji aliyezoea mwewe wa nyumbani anayeshuka uani kunyakua vifaranga, ni vizuri nieleze kwanza ni ndege gani ninayemzungumzia. Asili ya mwewe wa Harris ni Amerika, kuanzia majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani na Meksiko hadi Chile na Ajentina, na tofauti na jamaa zake wengi wanaowinda peke yao, yeye huwinda pamoja na familia yake, mmoja akimtimua sungura kichakani na mwingine akimvizia upande wa pili. Tabia hiyo ndiyo inayomfanya akubali upesi kushirikiana na binadamu, na ndiyo sababu wanaoanza wengi hapa Uingereza huanza naye. Hapa mtu hahitaji leseni ili kumfuga mwewe wa Harris aliyezaliwa katika ufugaji, ilhali Marekani anayeanza hulazimika kufaulu mtihani, kukaguliwa banda na vifaa vyake, na kujifunza chini ya mlezi mwenye uzoefu kwa muda usiopungua miaka 2. Palipo na ukaguzi, kifaa kibovu hugunduliwa kabla ndege hajafika. Pasipo na ukaguzi, boksi la vifaa pamoja na karatasi ya maelezo iliyomo ndani yake ndivyo vinavyokuwa mwalimu wa kwanza, na kwa hiyo muuzaji amebeba dhamana kubwa.

Nianze na mizani, kwa sababu kazi yote ya kumfundisha mwewe huitegemea. Mwewe hafundishwi kwa kupigwa wala kwa kukemewa, kwani haelewi adhabu, na akitishwa mara moja huweza kukaa muda mrefu bila kumwamini tena aliyemtisha. Hurudi mkononi kwa sababu amejifunza kwamba mkononi kuna nyama, na hurudi pale tu anapokuwa na njaa ya kiasi. Akishiba mno atakaa juu ya mti mpaka giza liingie, huku mwenyewe akipiga filimbi chini. Akipunguzwa mno atadhoofika, na ndege aliyedhoofika katika baridi kali anaweza kufa usiku mmoja. Kati ya hali hizo mbili kuna uzito wa kurukia, ambao kila ndege ana wake, na ambao hupanda kadiri misuli inavyojengeka na hulazimika kuongezwa baridi inapozidi. Majike wengi wa Harris huruka wakiwa na uzito unaokaribia gramu 900 au kuzidi hapo, madume wakiwa wadogo zaidi, na tofauti ya gramu 20 tu inaweza kumgeuza ndege msikivu kuwa ndege asiyemsikia mtu. Kwa sababu hiyo hupimwa kila siku, saa ileile, baada ya kutapika donge la manyoya lililobaki kutokana na mlo wa jana, na uzito huandikwa daftarini pamoja na chakula alichopewa na jinsi alivyoruka.

Mizani ya seti hii husoma kwa hatua za gramu 5, jambo ambalo peke yake lingeweza kuvumilika. Kisichovumilika ni kwamba kijiti chake kimefungwa pembeni mwa sahani badala ya katikati, hivyo namba hubadilika kulingana na mahali ndege aliposimamisha miguu yake. Mwewe wangu alipogeuka kuutazama mlango, uzito ulipanda kwa gramu 15. Alipogeuka tena kunitazama, ukashuka, naye ni ndege yuleyule ambaye hajala wala hajanya. Aidha, mizani hujizima yenyewe baada ya muda mfupi, na ikiwashwa tena huwa imesahau kuondoa uzito wa kijiti, kwa hiyo asiye makini ataandika uzito mkubwa kuliko ulivyo na kumpunguzia chakula ndege ambaye tayari ana njaa. Niliiweka kando na kutumia mizani ya kawaida ya jikoni inayosoma gramu 1, nikafunga kipande cha mbao chenye zulia la nyasi bandia katikati ya sahani yake, na tangu hapo daftari limekuwa na maana.

Vikuku vimetengenezwa vizuri. Ni vya mtindo unaobeba jina la Guy Aylmer, aliyeubuni katika karne ya 20: utepe wa ngozi laini huzungushwa mguuni na kubanwa kwa pete ndogo ya shaba, kisha kigwe hupitishwa katika tundu la pete hiyo na kuzuiwa na fundo, hivyo kigwe kinaweza kubadilishwa bila kukigusa kikuku. Faida kubwa ya mtindo huu ni kwamba ndege anaweza kuwa na vigwe vya aina mbili. Anapokuwa nyumbani huvaa vigwe vyenye upenyo mwishoni, ambao kiungo cha chuma hupitishwa ndani yake. Anapokwenda kuruka huvalishwa vigwe visivyo na upenyo wowote, kwa sababu upenyo ule unaweza kunasa kwenye tawi au seng'enge na kumwacha ndege akining'inia kichwa chini mahali ambapo hakuna wa kumfikia. Seti hii ina vigwe vyenye upenyo tu. Karatasi ya maelezo haisemi lolote kuhusu jambo hili, na picha iliyo juu ya boksi inamwonyesha mwewe akiwa angani huku upenyo wa vigwe vyake ukionekana wazi. Hili linanikasirisha kuliko kasoro nyingine zote, kwa sababu vigwe visivyo na upenyo hugharimu kipande kidogo cha ngozi, na kosa lake halisameheki.

Kiungo kinachozunguka kilifanya kazi vizuri mpaka mvua ya kwanza. Baada ya hapo mchanga uliingia katika maungio yake, kikaanza kukwama, na vigwe vikawa vinajisokota pamoja hadi miguu ya ndege ikakaribia kubanwa. Cha chuma kisichoshika kutu, kinachozunguka kwa gololi, si ghali na hudumu kwa miaka. Kamba ya kufungia inafaa, na kamba ndefu ya mazoezi pia inafaa: ni nyepesi, haijisokoti, na inatosha kumwita ndege kutoka umbali wa mita 30, hatua ambayo mwewe wa Harris aliyetunzwa vema huifikia baada ya majuma machache tangu siku alipokubali kula mkononi.

Glavu ni nzuri kweli, na nasema hivyo bila kusita. Ngozi yake ni ya tabaka mbili kwenye kidole gumba na vidole viwili vya kwanza, mahali ambapo mwewe husimama, na ya tabaka moja sehemu nyingine, hivyo mkono unalindwa na bado vidole vinaweza kuhisi kigwe kinapoteleza. Mwewe wa Harris akishtuka hukaza miguu kwa nguvu za kutisha, na kucha ya kidole cha nyuma ndiyo inayoingia ndani zaidi. Kwa glavu hii nilihisi mbano, lakini sikuchomwa. Pete ya kufungia kamba iko chini ya kifundo cha mkono, mahali panapofikiwa kwa urahisi na mkono wa kulia, ambao lazima ufunge fundo peke yake kwa kuwa wa kushoto umembeba ndege.

Njuga, ambazo ndege huvaa ili mwenyewe asikie alipo, ni za bati jembamba na sauti yake haivuki uzio wa miti. Njuga za shaba za mtindo wa Lahore, zikichaguliwa mbili zenye sauti zinazopishana kidogo, husikika mbali zaidi, nazo huuzwa moja moja na mafundi wa vifaa hivi. Filimbi ni filimbi. Mkoba una mfuko wa ndani unaotolewa na kuoshwa, jambo la maana kwa mtu anayebeba vipande vya vifaranga kutwa nzima. Kisambaza mawimbi cha kumtafutia ndege aliyepotea hakimo, na kwa bei hii sikutarajia kiwemo, ila karatasi ingepaswa kueleza kwamba ndege asirushwe bila kamba kabla hajafungwa kifaa hicho.

Naipa seti hii nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za glavu na vikuku. Niliwaandikia wauzaji kuhusu vigwe, wakajibu kwa adabu kwamba wateja wengi hawajalalamika. Hawakusema kama wataongeza vigwe vya kurukia. Anayetaka kuanza asiinunue seti nzima. Duka hilo linauza glavu hiyohiyo peke yake kwa bei isiyofika nusu ya bei ya seti, na fedha zitakazobaki zinatosha kununua mizani ya gramu 1, kiungo cha gololi na njuga za shaba, pamoja na ngozi ya kukatia vigwe visivyo na upenyo.