Mafunzo ya juu ya kuzamia kwa pumzi moja, Dodoma: bwawa linaishia wapi

Mzamiaji mzoefu anayeishi Dodoma sasa anapata ngazi ya juu kwa siku nne za bwawa hapa mjini, kisha siku mbili za kina Unguja. Sehemu ya uokoaji peke yake inastahili ada yote. Mmoja akiwa chini, mwenzake yuko juu anamtazama, na akishaibuka anaendelea kutazamwa usoni sekunde 30, maana mtu huweza kuzimia hata baada ya kuvuta pumzi ya kwanza. Akizimia: kidevu juu ya maji, maski itoke, apulizwe machoni, apigwepigwe shavuni, aitwe jina. Mkono ukichelewa kidevuni, mwalimu anawarudisha mwanzo. Safi sana.

Mazoezi ya kuzoesha mwili hewa ukaa ni raundi 8. Unabana pumzi kwa nusu ya uwezo wako, mapumziko yakianzia dakika 2 na kupungua sekunde 15 kila raundi. Kasoro ni kwamba wanatumia muda uliopimwa pwani. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na pumzi ya hapa ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 12. Pimeni upya hapa hapa. Asiyefikia muda wake asijaribu kuhemahema kwanza: oksijeni haiongezeki, ila hewa ukaa inatoka, hamu ya kupumua inachelewa, na mtu anazimia bila dalili.

Kuzibua masikio kumepewa dakika 20 tu, nasi tunaona ni kidogo mno. Anayesukuma hewa kwa kifua hukwama kwenye mita 10 au zaidi kidogo, kwa sababu hapo hewa ya mapafu imebaki nusu, na mita 30 ni robo. Simama mbele ya kioo, bana pua, funga koo, sukuma kwa ulimi. Pua itatuna kidogo. Weka mkono tumboni: likicheza, bado unatumia kifua. Fanya hivyo kila siku wiki kadhaa kabla ya kwenda Unguja.

Vipande vya risasi vya mkanda wa uzito ulivyovipima bwawani havitatosha baharini, kwani maji ya chumvi hukuinua zaidi. Mtu wa kilo 80 huongeza kama kilo 2.

La mwisho halikutajwa darasani kabisa. Ukizamia pia na mitungi ya hewa kwa siku kadhaa mfululizo, usipande treni ya SGR ya kurudi kabla ya saa 18 kupita tangu mzamio wa mwisho, kwani kupanda Dodoma ni kupanda mwinuko, na naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu. Kata tiketi ya kesho yake jioni.