Valvu za kufunga gesi wakati wa dharura: za kununua na za kuziacha dukani

Kila muuzaji atakuambia valvu yake ni "ya usalama". Muulize jambo moja tu: umeme ukikatika na kompresa ikazima, valvu hii inafunga, inafungua au inabaki ilipo? Asipojua, muombe karatasi ya kiwandani. Kama na hiyo hana, nenda duka linalofuata.

Mtwara na Lindi tumezoea kusikia habari za gesi: Songo Songo, Mnazi Bay, na bomba la inchi 36 la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015. Hapa lakini nazungumza na mwenye boila dogo la gesi la kupika korosho kwa mvuke kabla ya kubangua, mwenye oveni ya mikate, na mwenye jiko kubwa la hoteli. Kanuni haibadiliki kwa ukubwa. Kwenye visima vingi vya gesi kuna valvu inayoshikiliwa wazi kwa shinikizo la mafuta ya haidroliki. Shinikizo likipotea, springi inaifunga. Nguvu inatumika kuiweka wazi. Kufunga hakusubiri umeme wala mtu wa kukimbilia koki.

Kabla hujatoa pesa, angalia bomba limebeba nini. Gesi na dizeli zinatakiwa zifungwe. Maji ya kupooza mtambo ni kinyume chake: valvu yake iwe ya kufunguka yenyewe, kwa sababu mtambo wa moto usiopata maji unaharibika haraka. Usichukue za aina moja kwa kazi zote mbili eti kwa sababu umepunguziwa bei ya jumla.

Ya kwanza: solenoidi inayofunga, yenye kitufe cha kurudisha kwa mkono

Kwa bomba la hadi inchi 2, hii ndiyo ningenunua. Solenoidi ni sumaku ya umeme: koili yake ya waya ikiwa na umeme, valvu iko wazi. Umeme ukikatika, springi inaisukuma chini. Valvu za vichomeo vya gesi zilizo chini ya kiwango cha Ulaya EN 161 zinatakiwa kufunga ndani ya sekunde 1. Haihitaji kompresa, na fundi umeme wa kawaida anaweza kuielewa.

Tatizo liko kwenye kurudi kwa umeme. Umeme ukikatika, moto wa oveni unazimika. Ukirudi baada ya dakika kumi, solenoidi ya kawaida inafunguka yenyewe, na kama kichomeo hakina kifaa cha kutambua moto, gesi inamwagika ndani ya oveni bila kuwaka. Anayekuja na kiberiti ndiye anayekutana nayo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, kwenye mashimo na mifereji ya sakafu, hata kama madirisha ya juu yako wazi. Ndiyo maana nasisitiza kitufe: lazima mtu aje, aangalie, ndipo aifungue. Inaongeza bei, na inastahili.

Koili iendane na umeme wako, volti 230 au 24. Iwe pia na alama ya Ex, ya vifaa vya umeme visivyowasha gesi, kama itakaa mahali gesi inaweza kukusanyika.

Ya pili: silinda ya upepo yenye springi

Hii ni koki ya robo mzunguko inayozungushwa na upepo wa kompresa na kurudishwa na springi. Kwa bomba kubwa haina mpinzani, na ningeipa nafasi ya kwanza kwa kiwanda ambacho tayari kina kompresa nzuri na kikausha hewa. Bila kikausha, maji ya kwenye hewa yanaingia kwenye silinda, kutu inashika, na siku ya dharura springi inasukuma kitu kilichoganda. Hakikisha unauziwa silinda ya springi. Ile inayotumia upepo pande zote mbili inafanana nayo kwa nje, lakini upepo ukiisha inabaki ilipo.

Nyongeza moja usiiache: swichi inayosoma mkao wa valvu yenyewe. Kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, Machi 1979, valvu ya kupunguza shinikizo ilikwama wazi. Taa ya chumba cha waendeshaji ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa, nao wakaamini imefunga. Maji ya kupooza yaliendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Ya tatu: valvu ya kiungo kinachoyeyuka

Kipande cha madini kinayeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 74 na kuachia uzito au springi ifunge. Haitumii umeme wala upepo. Ni nzuri sana kwa moto, lakini haitambui uvujaji ambao haujawaka. Iongeze juu ya solenoidi, isiwe badala yake.

Valvu ya kuzuia mtiririko mkubwa naiweka ya nne. Inasaidia mpira ukikatika kabisa. Tundu dogo hailioni.

Ya kuacha dukani

Valvu ya mota isiyo na springi wala betri. Umeme ukikatika inabaki pale pale ilipokuwa. Kwa kumwagilia bustani ni sawa.

Wenye boila linalochoma maganda ya korosho, ninyi hamna bomba la kufunga. Umeme ukikatika feni inasimama, lakini maganda yanaendelea kuwaka na pampu ya maji imekufa. Fedha yenu iende kwenye njia ya pili ya kuingiza maji isiyotegemea umeme, na kwenye valvu ya kupunguza mvuke iliyopimwa. Kati ya boila na valvu hiyo kusiwe na koki yoyote, hata kama fundi anasema itarahisisha matengenezo. Mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, akija kukagua boila, hilo ni la kurekebisha kabla hajafika.

Kwa walio karibu na bahari, chumvi ya hewani inakula chuma. Chagua boliti na mabano ya chuma cha pua daraja la 316 badala ya 304, na kisanduku cha umeme cha IP67, yaani kisichoingiza vumbi wala maji. Nunua na koili ya akiba siku hiyo hiyo, kwa sababu ikiungua msimu wa korosho, kuna atakayeshawishika kuishikilia valvu wazi kwa waya ili kazi isisimame.